Mchepuko wa Watu Sita

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni seremala. Nimefanya naye kazi tangu ndevu zangu hazijajaa vizuri: yeye anapima, anakata na kuunga, mimi napiga msasa na kupaka vanishi. Wateja wamempa jina la Fundi Pembe, kwa sababu pale mbao zake mbili zinapokutana huwezi kupitisha hata wembe. Jina hilo analipenda sana, ingawa ukimwita hivyo hujifanya amezama kwenye randa na hajasikia.

Mtoto wake wa kwanza ni msichana. Kabla hajaanza shule aliugua homa kali. Alipona, lakini homa iliondoka na macho yake. Siku zile zilikuwa nzito na sitazirefusha hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba hakuwa mtoto wa kuonewa huruma, maana hakukupa nafasi. Alikuwa na mdomo. Alitaka kujua kwa nini ubao mbichi ni mzito kuliko mkavu, kwa nini vanishi inanuka halafu inaacha, kwa nini mjomba wake haoi. Tukamwita Maswali, na mpaka leo nyumbani kwao hakuna anayemwita vinginevyo.

Shuleni alisoma kwa breli, na hesabu za kichwani alikuwa nazo haraka kuliko wenzake waliokuwa na kalamu. Alikwenda hivyo, akipanda darasa baada ya darasa, mpaka sekondari walipofika kwenye mada ya takwimu. Hapo mwalimu wa hesabu akaanza kuchora. Alichora nukta, akapitisha mstari katikati yake, akachora mishale kutoka kila nukta hadi kwenye mstari, na kila baada ya sentensi moja alisema, "kama mnavyoona hapa." Maswali alikaa mbele kabisa, mikono juu ya dawati, akisikiliza chaki inavyokwaruza.

Wiki ile alirudi nyumbani bila neno, na nyumba nzima ikajua kuna jambo, kwa sababu kimya hakikuwa tabia yake. Baadaye mkuu wa shule akamwita dada yangu. Kwa upole kabisa alimweleza kwamba wanafunzi wasioona wanaweza kuruhusiwa kuacha somo la hesabu, na kwamba binti alikuwa hodari wa lugha na historia, kwa nini ajitese. Dada yangu alirudi akiwa nusu amekubali. Alikuwa amechoka kumwona mwanawe akipigana kila siku na dunia iliyojengwa kwa ajili ya watu wengine.

Maswali alimsikiliza mama yake mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "mimi sijashindwa hesabu. Sijafundishwa. Hayo ni mambo mawili."

Shemeji alikuwa mlangoni akivua viatu. Kesho yake alinitupia funguo za karakana, akavaa shati la kutokea, akaenda shuleni.

Mwalimu wa hesabu alikuwa kijana, na alikuwa mkweli. Hakujitetea wala hakumlaumu mtoto. Alisema yeye amefundishwa kufundisha kwa chaki, na akinyang'anywa chaki hajui aanzie wapi. Shemeji akafikiri kidogo, akamwambia, "Basi nifundishe mimi kwanza. Nikishaelewa, nitatafuta namna ya kuliweka jambo hili mikononi mwake."

Ni lazima ujue kwamba shemeji aliishia shule ya msingi. Alijua kujumlisha, kutoa, kugawa, na kusoma futi kwa milimita. Zaidi ya hapo hakuwahi kuulizwa na mtu. Aliporudi akamwambia mkewe kwamba kuanzia Jumamosi atakuwa anajifunza mchepuko. Sasa neno hilo mtaani lina maana yake nyingine, ya yule mwanamke wa pembeni, na hakuna aliyeshtuka kama mama yake mwenyewe, bibi wa nyumba ile, aliyekuwa akichambua mboga.

"Katika umri huu?" bibi akauliza. "Na unamtangazia mkeo?"

Ilibidi shemeji aeleze kwamba ni mchepuko sanifu, kitu cha hesabu, na kwamba mwalimu wake ni mwanamume. Bibi alisema sawa, lakini alimtazama kwa muda.

Mwalimu alikubali kuja karakanani mwenyewe, maana tulikuwa na oda ya madawati na shemeji hakuweza kuiacha. Alikaa juu ya boksi la misumari, shemeji akasimama kwenye benchi lake, mimi nikawa napiga msasa polepole ili nisikie. Mwalimu akaanza na wastani. Unachukua vitu vyote, unavichanganya pamoja, unavigawa sawasawa. Shemeji akasema hilo analijua. Ndipo mwalimu akamuuliza: je, wastani unatosha kukwambia kitu kikoje?

Shemeji akacheka. Akavuta stuli iliyokuwa inasubiri kukatwa miguu, akaigusa mguu mmoja mmoja. Mguu huu, akasema, umezidi sentimita moja, na huu umepungua sentimita moja, hii miwili iko sawa. Wastani wa miguu ni ule ule mteja alioutaka. "Sasa kalia," akamwambia mwalimu.

Mwalimu akakalia, stuli ikacheza, nusura amwage chai yake.

"Hicho ndicho tunachokitafuta," mwalimu akasema akijiweka sawa. "Wastani ni mzuri na mtu anaanguka. Tunataka namba moja itakayosema vitu vimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani wake."

Kuanzia pale shemeji alikuwa ameshika. Alijaribu mwenyewe kupima kila mguu umekwenda mbali kiasi gani na wastani, akajumlisha, akapata sifuri, akakasirika. Mwalimu akamweleza kwamba itakuwa sifuri kila mara, kwa sababu waliozidi na waliopungua wanafutana. Ndiyo maana kila tofauti inazidishwa kwa yenyewe, inafanywa mraba.

"Mraba huu huu?" shemeji akauliza, akiinua kipande cha plaiwudi kilichokatwa pande nne sawa.

Mwalimu akafungua mdomo amjibu kwamba huu ni mraba wa hesabu tu, akaufunga. Akakichukua kile kipande, akakigeuzageuza mkononi. Akasema ndiyo, ni huo huo, na kwamba alikuwa amefundisha mada ile kwa miaka bila kukumbuka kwamba neno lile lilikuwa na umbo. Wakatazamana kama watu waliokuta mlango ndani ya ukuta. Madawati yale hayakuguswa tena siku hiyo, na niliyejibu simu za mwenye oda ni mimi.

Kilichotoka kwenye karakana ile baada ya majuma kadhaa kilikuwa ubao mrefu wenye mifereji sita iliyolala sambamba. Kila mfereji ulipokea pini za mbao, zote za urefu mmoja, zikipangwa mkia kwa kichwa. Juu ya mifereji ilipita kamba nyembamba iliyoweza kusogezwa na kukazwa popote. Pembeni kulikuwa na kisanduku cha vibao vya mraba vya kila ukubwa: upande wa pini moja, wa pini mbili, tatu, nne. Kila kibao kilichorwa mistari ya ndani kwa patasi, ili kidole kihesabu kuna miraba midogo mingapi. Mimi ndiye niliyevisugua, nikavisugua tena, kwa sababu shemeji alisema kibanzi kimoja kikimchoma mtoto kidole nitamjibu yeye.

Jumapili moja mchana mwalimu akaja nyumbani. Maswali alikalishwa mbele ya ubao. Kwenye ungo katikati ya chumba kulikuwa na rundo la pini, na baba yake akatangaza kwamba kila mtu wa nyumba ile atachota konzi moja. Walikuwa sita: bibi, baba, mama, Maswali, na wadogo zake wawili mapacha. Kwa kweli konzi za kwanza zilileta namba zenye sehemu sehemu, na mwalimu akashauri waanze na zinazotoka vizuri, kwa hiyo shemeji akapunguza hapa na kuongeza pale mbele ya watu wote. Bibi alilalamika kwamba amenyang'anywa pini yake halali.

Mwishowe ikawa hivi: baba alikuwa na pini kumi na tano, mkono wake ni kama koleo. Bibi, mama na Maswali kila mmoja kumi na moja. Mapacha, tisa tisa.

Maswali alizipanga mwenyewe kwenye mifereji. Kutafuta wastani hakukumchukua muda: zote pamoja sitini na sita, watu sita, kumi na moja kila mmoja. Akaivuta kamba mpaka kwenye pini ya kumi na moja, akaikaza. Kisha akapitisha mkono wake kutoka juu hadi chini. Nilimwona akisimama kwenye mfereji wa baba yake, pini nne zilizovuka kamba. Akashuka akakuta watatu walioishia kwenye kamba. Akafika kwa mapacha, akahisi pengo la pini mbili, na jingine la pini mbili.

"Kumbe ndiyo hii," akasema. "Ndiyo mishale aliyokuwa anachora."



Baba yake akampa vibao. Kwa zile pini nne zilizozidi, kibao chenye upande wa nne. Kwa kila pengo la mbili, kibao chenye upande wa mbili. Waliogusa kamba hawakupata kitu. Maswali alivipapasa, akarudi kuwa yeye mwenyewe: akauliza. Kama shida ni kwamba waliozidi na waliopungua wanafutana, kwa nini wasisahau tu nani kazidi na nani kapungua, wakahesabu umbali peke yake? Vibao vya nini?

Swali hilo, mwalimu alisema baadaye, hakuwahi kuulizwa na darasa lake lolote. Akamwambia kwamba inaruhusiwa, na kipo kipimo kinachofanya hivyo. Lakini hiki wanachojifunza kinataka aliye mbali sana asikike zaidi. Akamwambia aweke kibao cha pacha mmoja juu ya kibao cha baba yake, aone kinaingia mara ngapi.

"Mara nne," Maswali akasema baada ya kupapasa. "Baba yuko mbali mara mbili tu ya pacha, lakini kibao chake ni mara nne."

"Ndiyo kazi ya mraba. Ukienda mbali, unalipia."

Akavihesabu vyote kwa kidole: kumi na sita, na nne, na nne. Ishirini na nne. Sasa kwa kuwa wanatafuta wastani wa miraba, igawiwe. Shemeji alikuwa amekitengeneza kile kibao kikubwa kwa vipande vinne vinavyochomoka, na Maswali alipokivuta kikaachana mikononi mwake. Akawa na vibao sita vinavyolingana. Akagawa, kimoja kimoja, akinyoosha mkono kuelekea sauti ya kila mtu.

Bibi alikikataa. Alisema yeye alikuwa kwenye kamba, hakuzidi wala hakupungua, kwa nini apewe kibao cha wengine.

"Bibi, kinagawiwa kwa nyumba nzima," Maswali akamwambia. "Na wewe ni wa nyumba hii."

Bibi akakipokea, akakiweka mapajani kama kitambaa cha heshima.

Ikabaki hatua ya mwisho. Mwalimu akamkumbusha kwamba walianza na pini, na sasa wameshika vibao. Hakuna anayechota vibao. Warudije kwenye pini? Maswali alishika kibao chake, akapitisha kidole kwenye ukingo mmoja, kutoka pembe hadi pembe.

"Upande wake," akasema. "Pini mbili. Kipeuo cha pili ni upande wa mraba tu."

Kisha akalisema lote kwa mpigo: wastani wa nyumba hii ni pini kumi na moja, na mchepuko sanifu wake ni pini mbili. Shemeji alitoka nje. Alisema anakwenda kuangalia kama mvua inakuja, na jua lilikuwa linawaka kama tanuri.

Mwalimu alimtegea mtego mmoja. Akamwambia kuna vitabu ambavyo vingegawa ile ishirini na nne kwa tano badala ya sita, je, vimekosea? Maswali hakujua, akasema hajui. Ndipo mwalimu akamweleza. Ukichukua watu wachache kutoka umati mkubwa ili wakusaidie kukisia umati wote ukoje, unagawa kwa idadi yao pungufu ya mmoja, kwa sababu wachache hao hukaa karibu mno na wastani wao wenyewe, na umati una mtawanyiko mkubwa zaidi kuliko wanavyouonyesha. Lakini ukiwa na kundi zima mbele yako, hukisii chochote. Unagawa kwa wote waliopo.

"Basi sisi ni sita," Maswali akasema, "maana hakuna mwingine wa nyumba hii aliyebaki."

Nikasema, "Na mimi je?"

"Mjomba, wewe unakula hapa lakini hulali hapa. Wewe si wa kundi."

Dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikuwa sijamsikia akicheka namna ile kwa muda mrefu.

Habari ingeweza kuishia pale nyumbani, lakini mwalimu hakukubali. Alimwomba Maswali alete ubao darasani, na mkuu wa shule akasikia, akaufanya kuwa sehemu ya siku ya wazazi. Tukaenda wote. Shemeji alibeba ubao begani kutoka nyumbani hadi shuleni ingawa mkokoteni ulikuwepo, kwa sababu hakutaka kusukuma kitu kile juu ya mashimo.

Maswali alisimama mbele ya darasa lililojaa, wanafunzi kwenye madawati, wazazi ukutani. Akawaambia wenzake watatu waje, wafumbe macho, wapapase. Mmoja wao, msichana aliyekuwa akiongoza darasa, alipogusa upande wa kibao alisema taratibu kwamba alikuwa akibonyeza kitufe cha kipeuo kwenye kikokotoo bila kujua anatafuta nini. Wengine wakainuka bila kuitwa. Ikawa foleni.

Mkuu wa shule, mama mtulivu ambaye ndiye aliyetoa wazo la kuacha hesabu, akauliza kama anaweza kutoa swali. Alitaja timu mbili za shule, kila moja yenye wachezaji watano, na mabao ya kila mchezaji. Timu ya kwanza: saba, tisa, kumi, kumi na moja, kumi na tatu. Ya pili: nne, kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Hakuna aliyeachwa nje, akasema. Timu ipi angeiamini zaidi?

Maswali hakugusa ubao. Aliinamisha kichwa, vidole vikitembea hewani kidogo kana kwamba kuna vibao pale.

"Zote wastani wake ni kumi," akasema. "Timu ya kwanza, miraba yake ni tisa, moja, hakuna, moja, tisa. Ishirini. Kwa watano, nne nne. Mchepuko ni mbili. Timu ya pili, yule wa mabao manne yuko mbali sita, peke yake ana thelathini na sita. Jumla hamsini, kwa watano, kumi kumi. Mchepuko ni tatu na ushei."

"Ushei kiasi gani?" mwalimu akauliza kutoka pembeni.

"Nukta moja sita. Timu ya kwanza wanakaribiana, naiamini hiyo. Ile ya pili si mbaya, mwalimu. Wana mchezaji mmoja tu anayehitaji kusaidiwa."

Mkuu wa shule alikuwa anaandika. Alimaliza kuandika, akahakiki, akavua miwani. Akasema mbele ya wazazi wote kwamba alikuwa ametaka kumpunguzia mtoto huyu mzigo, na anashukuru mtoto alikataa. Hakulazimishwa kusema hivyo. Tangu siku ile ninamheshimu mama yule.

Shemeji alikuwa amesimama karibu na dirisha, shati lake limefungwa mpaka kifungo cha juu kabisa. Mzazi mmoja akamnong'oneza kwamba yule binti ni hodari, ni wa nani? Shemeji, mtu ambaye hujifanya hasikii anaposifiwa, safari hii alisikia vizuri sana. Akajibu kwa sauti iliyofika mpaka mbele, "Wangu." Dada yangu akamvuta mkono, na yeye mwenyewe machozi yakimtoka.

Maswali alifanya mtihani wa mwisho kwa mashine ya breli, na hesabu ndiyo iliyokuwa na alama ya juu kuliko masomo yake yote, hata lugha na historia. Akaenda chuo cha ualimu. Mwalimu wake wa zamani anaendelea kuja karakanani Jumamosi, ingawa siku hizi wanabishana zaidi kuliko kufundishana, na kati yao wametengeneza mbao nyingine za kufundishia sehemu na pembe. Shule kadhaa zimeagiza. Vanishi ni yangu, na sijapata malalamiko ya kibanzi hata kimoja.

Mwaka huu Maswali amepangiwa shule yake ya kwanza, yenye watoto wanaoona na wasioona katika darasa moja. Tulimpelekea vifaa, shemeji mbele na mimi nyuma, kila mmoja na ubao begani. Mlinzi wa getini alitusimamisha, akauliza tunakwenda kwa nani. Shemeji akasema anakwenda kwa mwanawe, mwalimu.

"Mwalimu yupi?" mlinzi akauliza. "Yule asiyeona?"

Shemeji akauhamisha ubao kutoka bega moja hadi jingine, akasimama wima.

"Yule wa hesabu," akamwambia.

Mlinzi akafungua geti.